Mkia wa Kitenzi

Nimekwisha kukabidhi funguo za kabati, rejista mbili na boksi la chaki lililobaki nusu. Nimepigiwa makofi, nimelishwa keki, nimevishwa kitenge na kupewa saa ya ukutani, kana kwamba ni sasa ndipo nitakapohitaji kujua muda. Siku ile Mwalimu Gervas aliniomba niwaachie neno walimu wa Kiingereza wanaobaki. Sikusema kitu, maana keki ilikuwa mdomoni na mkuu wa shule alikuwa ameketi mbele yangu. Sasa niko nyumbani kwangu Kisarawe, mdomo ni mtupu, na neno lenyewe ninalo.

Sitawachosha na habari za vyeo. Nilipandishwa daraja kila walipokumbuka. Nataka kuwaandikia juu ya vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na neno dogo nyuma yake: “give up”, “turn down”, “put off”. Vitabu vinavipa jina refu. Mimi niliviita vitenzi vyenye mkia, na wanafunzi nao wakaniita Madam Mkia. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikawa naitika.

Wengi wenu mmesikia kwamba nilinyang'anywa Kidato cha Nne kwa kosa la kufundisha Kiingereza kwa Kiswahili. Mmesikia kweli. Ila mmesikia pia kwamba nilikuja kujuta, kwamba nilisaini kiapo, kwamba siku za mwisho niliomba radhi ofisini. Huo ni uongo, na ndio ulionikalisha mezani kuandika.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika shule yangu ya kwanza, mbele kidogo ya Maneromango, juu ya lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mara tatu tulishuka wote kusukuma. Nilikuwa na sanduku moja, jozi mbili za viatu ambazo hazikufaa kwa udongo ule, na kamusi ya Kiingereza niliyoinunua ikiwa imetumika. Ndani ya mwezi panya wa nyumba niliyopanga walikuwa wamekula kurasa za mwisho zote kuanzia kwenye “take”. Kwa miaka miwili sikuwa na uhakika na neno lolote la Kiingereza linaloanza na U.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa Kidato cha Kwanza, baada ya mapumziko. Nilimsimamisha mwanafunzi mmoja asome kifungu. Akasoma mistari miwili vizuri, akasita, akaniangalia. Nikamwambia kwa sauti ya upole niliyofundishwa chuoni: “Go on.” Akaniangalia tena. Nikarudia, safari hii kwa mkono: “Go on.” Akafunga kitabu, akakiweka juu ya dawati, akatoka nje. Nilidhani amebanwa na haja. Kupitia dirishani nikamwona anapita mlingoti wa bendera, anapita bustani ya mihogo ya shule, anashika njia ya kwenda kwao. Ilibidi kiranja amkimbilie. Aliporudishwa nilimuuliza kwa nini ameondoka, akanijibu kwa adabu zote kwamba mwalimu ndiye aliyemwambia aende, tena mara mbili.

Ofisini walimu walicheka mpaka chai ikapoa. Asiyecheka alikuwa mmoja, Mwalimu Kibwana, mzee wa somo la Kiswahili, mtu mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa yeye mwenyewe Kiingereza alikuwa akikiita “hicho chenu”. Alinivutia karatasi, akaandika maneno mawili, moja chini ya lingine: enda, endelea.

“Wewe umemwambia aendelee,” akasema, “yeye kasikia aende. Hajakosea kitenzi. Mkia ndio umedondoka njiani.”

Kisha akanieleza jambo ambalo chuoni hakuna aliyewahi kunieleza, kwa sababu chuoni mlango wa Kiswahili na mlango wa Kiingereza ilikuwa kwenye korido tofauti. Alisema lugha zote mbili zina vitenzi vichache vya kazi nzito, na zote mbili huvibadilisha kwa kuviongezea kitu kidogo mwishoni. Sisi tunakishonea ndani ya neno, mshono hauonekani. Waingereza wanakiacha nje kinaning'inia. Sisi tuna shika na shikilia, wao wana “hold” na “hold on”. Sisi tuna enda na endelea, wao “go” na “go on”. Mtoto wa Maneromango anayejua tofauti ya shika na shikilia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, hawezi kushindwa na Mwingereza. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba tayari anajua.

Nilifurahi, nikaandika kwenye daftari langu, kisha nikarudi darasani na kufundisha vilevile nilivyofundishwa. Hilo naliungama mapema. Niliona maneno ya Mwalimu Kibwana ni mazungumzo mazuri ya chai tu. Kazi yenyewe niliifanya kwa orodha: upande wa kushoto kitenzi, upande wa kulia maana moja, wanafunzi wanakariri, Ijumaa jaribio. Kwenye orodha hiyo, mstari wa kumi na kitu, kulikuwa na “put off”, na mbele yake nilikuwa nimeandika “zima”. “Put off the lamp.” Ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu wangu, naye nadhani alifundishwa hivyo na wake. Si kosa moja kwa moja, maana wapo waliosema hivyo juu ya taa, na kwa sababu hiyo lilidumu.

Sasa nifike kwa Mwanahawa. Alikuwa binti wa Mzee Shomari, mkulima wa mananasi na mihogo, na alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa shule ile niliyemwona akisoma kamusi kwa kupenda, hata ile yangu iliyoliwa. Alitaka kuwa muuguzi. Hakulisema kama watoto wanavyosema rubani au daktari. Alikuwa amemuuguza bibi yake mpaka mwisho, na alijua kazi hiyo ina harufu gani. Alifaulu Kidato cha Nne, akaomba chuo kimoja cha uuguzi, akaitwa kwenye usaili. Siku mbili kabla, ukaingia ujumbe kwenye simu ya tochi ya baba yake. Mimi nilikuwa likizo, nimekwenda msibani mbali. Ujumbe ulisema hivi: “Your interview has been put off until Thursday. Turn up with your original certificates.”

Mwanahawa alikaa na ujumbe huo, akautafsiri mwenyewe kwa alichofundishwa. Usaili umezimwa mpaka Alhamisi. Akaona ni jambo linaloeleweka, maana umeme nao huzimwa mpaka jioni, ukirudi watu wanajua umerudi. Kwa hiyo akakaa nyumbani kungoja Alhamisi ipite, chuo kiwashe, kimwite tena. Ile sentensi ya pili ilimsumbua zaidi. “Turn” ni geuza, “up” ni juu. Akavitoa vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni, akavigeuza uso juu mezani, akaweka kitabu ukingoni mwake visipeperuke, akasubiri.

Niliporudi, Jumatatu iliyofuata, Mzee Shomari alikuja nyumbani kuniuliza chuo kinawasha lini. Binti alikuwa nyuma yake. Nilisoma ujumbe nikiwa nimesimama, nikaketi. Nilimweleza mzee polepole kwamba binti alitakiwa afike na vyeti Alhamisi ileile, na nilipofika kwenye maana ya “put off”, kuahirisha, nilisikia sauti ya Mwanahawa, ya chini, haina hata lawama.

“Lakini Madam, ulituandikia ni kuzima.”

Sijawahi kupigwa na mtu mzima, lakini najua inavyokuwa. Tulikwenda chuoni sote watatu kesho yake. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mwungwana, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema nafasi zimejaa na kwamba muuguzi lazima aweze kusoma maelekezo. Nilitaka kumwambia kwamba ameyasoma, tena kwa akili kuliko sisi tulioyaandika na tulioyafundisha, ila nilimwona Mzee Shomari anavyokunjakunja kofia yake nikaaga tukaondoka. Mwaka uliofuata sifa za kuingia zikapandishwa na Mwanahawa hakuzifikia. Leo analima mananasi kule kwao, ana watoto wanne na nyumba ya bati, na nimekula kwake mara nyingi. Si maisha mabaya. Si maisha aliyoyachagua pia, na aliyemnyima ni mimi, kwa mstari mmoja wa orodha.

Ndipo nilipochana orodha. Nilimwendea Mwalimu Kibwana, wakati huo amebakiza muhula mmoja astaafu, nikamwomba anirudishie somo lake la siku ya kwanza. Hakunikumbusha kwamba nilikuwa nimelipuuza. Tulikaa siku tano mfululizo baada ya vipindi, yeye na vitenzi vyake, mimi na vyangu.

Zana zangu tangu hapo zilikuwa kamba ya kuanikia nguo, vibanio vya nguo na vipande vya manila. Kwa kuwa mtaulizana, nawapa vipimo. Kitenzi kikae kwenye kipande kipana kama kiganja, kwa wino mweusi. Mkia ukae kwenye kipande chembamba, kwa wino mwekundu. Funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, usawa wa pua ya mwanafunzi wa mbele. Vibanio vya mbao ni bora, vya plastiki vinakatika ukivitumia muhula mmoja. Mwanafunzi mwenyewe ndiye abanie mkia, si wewe.

Unaanza na Kiswahili. Unaning'iniza pita, darasa linakupa pitia, pitiliza, pitisha, pishana, na kila mmoja anatoa sentensi ya nyumbani kwao. Hapo hakuna anayenyamaza, hata wale ambao katika kipindi cha Kiingereza hugeuka mawe. Halafu unauliza: mtu akikuambia nitakupitia saa moja, amesema nini? Wanajua wote kwamba atakuja mlangoni kwako muondoke pamoja. Basi kwa Kiingereza? Kila mwaka, bila kukosa, wapo waliojibu “I will pass you”. Nilikuwa natoka darasani, nampita mwanafunzi huyo pale alipokaa bila kumtazama, naendelea na safari yangu mpaka ofisini. Nikirudi wanakuwa wameshaelewa. Wengine walisema “I will pick you”, ya mjini hiyo, nikawa nawauliza watachagua nani mwingine. Kisha ndipo tunabania “up”, na haitoki tena kichwani.

Mtaniambia mikia hailingani kila mara. Kweli hailingani. Hata kwetu, toka ukiipa mkia inakuwa tokea, na nani angekisia kwamba kutoka nje na jambo kutokea ni ndugu? Mtoto hakuambiwa sababu, alizoea. Ninachokataa ni kumkaririsha mwanafunzi maana moja kwa kila kitenzi kama namba ya simu. Mfundishe kuuliza kinachozimwa ni nini, kinachowekwa kando ni nini, na neno linalofuata linasema nini. Mfundishe kutilia shaka hata ulichomwandikia wewe. Na shaka hiyo lazima aieleze kwa lugha anayoweza kubishania.

Kisha nilihamishiwa Kibaha. Shule ilikuwa kubwa, ina ukuta, na ukutani palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu yaliyoamuru watu waseme Kiingereza tu. Chini yake, karibu na swichi, mtu mwingine mwenye rangi ileile alikuwa ameandika “OFF THE LIGHT”. Wanafunzi walikuwa mchanganyiko. Wapo waliotoka nyumba za watumishi wanaokwenda Dar kila alfajiri, hao walikuwa na Kiingereza cha televisheni na vijisentensi vya mjini. Wapo wa hosteli, kutoka Dutumi na vijiji vya Ruvu, ambao kwao Kiingereza kilikuwa kitu cha shuleni kama sare. Makosa yao lakini yalifanana kuliko walivyofikiri. Kijana wa mjini aliniambia “I dropped at Kongowe”, nikamuuliza kama aliumia alipodondoka. Binti wa Ruvu akaandika “on the radio and sit”. Ni mikia tu, yule ameipoteza na huyu ameifanya kitenzi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Massawe, sitamsema kwa ubaya kuliko anavyostahili. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na wanafunzi wa hosteli hawakulala njaa akiwapo. Ila aliamini kwa moyo wote kwamba Kiswahili ndicho kinachoua Kiingereza, na kwamba wazazi watawahamishia watoto shule za kulipia wakisikia tunachanganya. Aliyekamatwa anasema Kiswahili alideki madarasa. Walimu tuliulizwa lugha tunayofundishia, kwa heshima, kisha bila heshima. Nilipoulizwa nilijibu kwamba darasani kwangu sakafu ni safi, haihitaji kudekiwa.

Miaka mitano kabla sijastaafu walikuja wakaguzi. Mkuu alituita mmojammoja. Mimi aliniomba jambo moja tu, kamba isionekane siku hiyo. Darasa langu lilikuwa Kidato cha Nne, imebaki miezi minne wafanye mtihani wa taifa, na nilikuwa nalo tangu Kidato cha Pili. Niliwapenda wale watoto, sina namna nyingine ya kusema. Kwa ajili yao nilikubali. Nikaikunja kamba nikaiweka kabatini, nikaingia darasani na Kiingereza changu kizuri, na mkaguzi, mama mmoja mkimya, akakaa nyuma.

Kifungu kilihusu mkulima. Mstari mmoja ulisema amefanya “gave up”, mwingine “gave away”, mwingine “gave in”, yote katika aya moja, kama vile mwandishi alikuwa na ugomvi na mimi. Dakika kumi zilikwenda kimya. Niliuliza kama wameelewa, wakaitikia “Yes, Madam” kwa pamoja, lile itikio ambalo mwalimu yeyote mwenye masikio anajua maana yake ni hapana. Ndipo Zuhura wa Dutumi akasimama. Alikuwa msichana mwoga wa watu, na hakuwahi kudeki hata siku moja.

“Madam, samahani, naomba niulize kwa Kiswahili. Huyu mkulima ametoa shamba, au ameacha kulima?”

Darasa zima liligeuka kumtazama mkaguzi. Nilikuwa na njia mbili, zote naziona. Moja ilikuwa kumwambia aulize kwa Kiingereza, jambo ambalo asingeweza, angekaa chini, nasi tungemaliza salama. Nilimtazama, nikaona msichana aliyekuwa tayari kudekishwa muhula mzima ili ajue mkulima yule amefanya nini. Nilikwenda kabatini, nikaitoa kamba.

Tulianza na acha, achia, achana, achilia. Dakika thelathini zilizobaki zilikuwa kipindi bora nilichowahi kufundisha. Walibishana, walicheka, walipanga foleni kubania mikia, na mwisho Zuhura mwenyewe alisimama akaeleza kwa Kiingereza kinachotembea kwa miguu yake, kwamba mkulima “gave up farming” kwanza, ndipo “gave away the farm”, na kwamba ndugu zake ndio waliomsumbua mpaka “he gave in”, akakubali yaishe. Mkaguzi alinipa mkono akiondoka. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe ile “give in” ndiyo kwanza ameielewa, ila fomu yake ina kisanduku cha lugha ya kufundishia na hakiruhusiwi kuachwa wazi.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya kutakiwa kujieleza. Ilinikataza kutumia Kiswahili darasani, na ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, bila kosa hata la nukta. Nilijibu kwa kurasa nne. Nilieleza habari ya Mwanahawa, sikuficha kosa langu. Mkuu aliniita. Alikuwa ameisoma, naona ilimgusa, maana alinisogezea kiti mwenyewe. Kisha akanisogezea karatasi ya kiapo aliyoichapa kwa Kiingereza, akasema nikisaini nabaki na Kidato cha Nne, nisiposaini natolewa siku hiyohiyo na kupewa Kidato cha Kwanza. Nilisoma sentensi ya kwanza. “I undertake to put off Kiswahili in all my lessons.”

Nilisoma mara ya pili. Nadhani mtu mwingine angecheka. Mimi niliona meza ya kina Mwanahawa, vyeti vimegeuzwa uso juu na kitabu ukingoni.

“Mkuu,” nikamwambia, “hapa nimeandikiwa niahirishe Kiswahili. Niahirishe mpaka lini?”

Akaichukua, akasoma, akasema hapana, “put off” ni kuzima, anakizima Kiswahili. Nikamwambia taa sawa, lakini kikao, safari, usaili, Kiswahili, hivyo vinaahirishwa. Akasema ndivyo walivyofundishwa. Nikamwambia hata sisi. Akauliza, basi neno linalofaa hapo ni lipi?

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusaini ile karatasi kama ilivyo, nikabaki na watoto wangu, na kila siku nikaahirisha Kiswahili kwa dakika mbili kabla ya kuanza. Lakini mtu ameniuliza swali la Kiingereza, na mimi ni mwalimu. Nikamwambia ni “give up”. Nikamweleza kuacha kabisa, kama mtu anavyoacha sigara, na tofauti yake na kuacha kitu kwa muda. Alielewa kwa dakika moja. Hata akanipa mfano wake mwenyewe, wa baba yake mzazi alivyoacha pombe. Yote hayo tuliyasema kwa Kiswahili, ofisini kwake, chini ya tangazo la kusema Kiingereza tu, na hakuliona hilo.

Alikata neno kwa kalamu, akaandika lile sahihi juu yake, akanirudishia. Karatasi sasa ilisema hasa alichokusudia, kwa hiyo sikuweza kuisaini.

Alinishawishi, tena kwa sauti ya kaka. “Saini tu, Madam. Ukishafunga mlango wa darasa, nani atakusikia?”

“Wanafunzi watanisikia,” nikamjibu.

Kidato cha Nne kilichukuliwa siku hiyohiyo. Mwalimu Gervas, wewe ndiye uliyepewa, ukiwa na wiki tatu tu kazini, na sikulaumu, uliamriwa. Mimi nilikwenda Kidato cha Kwanza na kamba yangu, na hakuna aliyekuja kunikagua huko kwa miaka mitano, kwa sababu Kidato cha Kwanza hakina mtihani unaoandikwa magazetini. Zuhura alianza kunifuata wakati wa mapumziko, kisha akaja na wenzake. Tukafunga kamba nyuma ya jiko. Mkuu alipokuja kunionya nilimwambia kwamba kipindi ni chake, mapumziko ni ya watoto. Hakuwa na kanuni ya mapumziko, akaondoka.

Mtihani ulifika. Wengine walifaulu, wengine walifeli, kama kila mwaka, na sitadai ushindi. Zuhura alifaulu. Wapo waliokuwa zamu ya kuosha vyombo wakati wa mapumziko, na wapo waliokwenda kula kwao, ambao hawakunipata hata mara moja kwa miezi minne ile. Wawili kati yao walikuja kuniaga wakiwa na matokeo yao mkononi. Hao ndio ninaowaomba radhi mpaka leo. Ofisi sikuiomba, na siiombi hapa.

Na nyinyi mnaobaki, kiapo hicho kitawafikia, kwa mkuu huyu au mwingine, kwa maneno haya au mazuri zaidi. Mtapewa kiti, mtasemeshwa vizuri, mtaambiwa ni kwa faida ya watoto. Isomeni karatasi mpaka mwisho. Ikiwa na kosa la Kiingereza, lisahihisheni, hiyo ni kazi yenu na mnalipwa kuifanya. Kisha irudisheni bila saini.